Dalili ya Mvua ni Mawingu: Uhakiki wa Anga la Simuleta za Urubani

Tunaposema kwamba kazi fulani ina uhalisia, tunamaanisha nini hasa? Katika madarasa yetu ya fasihi swali hili huulizwa kuhusu riwaya na tamthilia. Katika makala haya ninaliuliza kuhusu kitu kingine: mawingu ya simuleta za urubani, yaani programu za kompyuta zinazomwezesha mtu kuendesha ndege ya kuigiza akiwa amekaa nyumbani.

Nimechagua mawingu kwa sababu mbili. Kwanza, mawingu ndiyo sehemu ya simuleta inayosifiwa kuliko zote siku hizi. Vijana wanaocheza programu hizi hupiga picha za skrini na kuonyeshana, na sifa wanayoitoa ni ileile: "ni kama kweli". Pili, mimi ninakaa Gihosha, upande wa kilimani kaskazini-mashariki mwa Bujumbura. Kutoka huku mtu huona kwa pamoja uwanda wa Imbo, kiwanja cha ndege, Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo ng'ambo ya maji, na nyuma yake huinuka miteremko ya Mirwa. Mtu wa Gihosha ana anga zima la kulinganisha na lile la kwenye kompyuta.

Hoja yangu ni kwamba uhalisia uko wa aina mbili, na sifa ya "ni kama kweli" inazichanganya. Upo uhalisia wa sura na upo uhalisia wa sababu. Kwa sura, simuleta za leo zimefika mbali sana. Kwa sababu, bado ziko nyuma, na pengo hilo ni pana zaidi katika anga letu kuliko katika anga la nchi zilikotengenezwa.

Sura na sababu

Tuanze na mfano tunaoufahamu. Shafi Adam Shafi alipoandika Kuli, riwaya iliyotoka mwaka 1979, hakuhesabu kila gunia lililopita katika bandari ya Unguja. Msomaji anauamini mgomo wa makuli wa mwaka 1948 kwa kuwa anaona unakotoka: kazi ya sulubu, ujira mdogo, dharau ya wenye mamlaka. Tukio moja linazaa jingine. Kama mwandishi angetuchorea bandari kwa ustadi mkubwa, kisha mgomo ukazuka bila chanzo, tungesema maelezo ni mazuri lakini riwaya haina uhalisia.

Wingu nalo ni tukio. Lina chanzo na lina matokeo. Hewa yenye unyevu imepata joto au imesukumwa juu ya mlima, ikapoa, mvuke ukageuka vitone. Baadaye vitone vinaweza kuwa mvua, na mvua inaposhuka huburuta hewa baridi chini pamoja nayo. Wahenga waliliona hili bila darubini walipotuachia methali kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Kwa lugha ya semiotiki tunayofundishwa, wingu ni ishara: lina umbo tunaloliona na lina maana tunayoisoma. Mvuvi wa ndagala anayetoka jioni na taa zake hatazami wingu ili alisifu. Analisoma ajue kama atarudi salama.

Kwa hiyo kipimo ninachokitumia ni methali hiyohiyo. Je, wingu la simuleta ni dalili ya kitu chochote, au ni pambo tu?

Safari ya sura

Ni haki kwanza kutambua kazi iliyofanyika. Toleo la kwanza la Microsoft Flight Simulator lilitoka mwaka 1982, na tayari lilimruhusu mchezaji kubadili hali ya hewa na saa za siku, ingawa rangi zilikuwa chache na ardhi ilikuwa mistari tu. Toleo la mwaka 2003, lililoadhimisha miaka 100 ya urubani, lilileta mawingu yenye umbo la pande tatu. Mhandisi Niniane Wang alieleza mwaka huohuo mbinu iliyotumika: wingu moja liliundwa kwa picha bapa nyingi ndogo zenye uwazi, zilizopangwa kwa wingi na kugeuzwa kila mara zimtazame mchezaji. Kwa mbali wingu lilipendeza. Ukilikaribia, uliona picha zikizunguka pamoja nawe.

Hatua kubwa iliyofuata ilikuja Agosti 2020, pale Microsoft Flight Simulator iliyotengenezwa na Asobo Studio ya Bordeaux, Ufaransa, ilipoacha picha bapa. Wingu sasa ni ujazo wenye uzito tofauti mahali tofauti, na programu hukokotoa jinsi mwanga unavyopenya na kutawanyika ndani yake. Washindani wao wa X-Plane nao waliingia katika njia hiyo na toleo la 12, mwaka 2022. Matokeo yake yanastahili sifa. Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, tumbo la wingu huwa jeusi na kingo zake hushika rangi ya dhahabu, kama tunavyoona hapa jioni za mwezi Machi. Asiyekubali uzuri huo anabisha tu.

Pamoja na sura, programu hizi zilianza kuahidi hali ya hewa ya saa hiyohiyo. Asobo ilishirikiana na Meteoblue, kampuni ya Basel, Uswisi. X-Plane 12 huchota matokeo ya modeli ya dunia nzima ya Marekani inayoitwa GFS. Ripoti za viwanja vya ndege, zinazojulikana kama METAR, huchanganywa humo. Hapa ndipo sifa ya "kama kweli" ilipopata nguvu, kwani mchezaji anaambiwa kwamba anachokiona ndicho kilichopo nje. Na hapa ndipo uhakiki unapopaswa kuanza.

Kisanduku kimoja chenye ziwa, mji na mlima

Modeli ya hali ya hewa huigawa dunia katika visanduku, na kila kisanduku hupewa joto moja, upepo mmoja, kiasi kimoja cha mawingu. GFS hukokotoa kwa visanduku vya takriban kilomita 13, na data zake zinazotolewa kwa umma kwa kawaida huwa za robo ya digrii, yaani takriban kilomita 28 kila upande karibu na ikweta.

Sasa tuiweke Bujumbura ndani ya kisanduku hicho. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka ufukweni kwenda mashariki, katika kilomita zisizozidi 25 hivi umekwisha kupanda hadi mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nile, zaidi ya mita 2,000. Ina maana kisanduku kimoja kinaweza kubeba ziwa, kiwanja cha ndege, Gihosha na mlima kwa pamoja, kisha kikatoa wastani. Lakini wastani wa ziwa na mlima haupatikani popote, na hakuna anayeishi ndani yake.

Kwetu tofauti ya sehemu hizi ndiyo habari yenyewe. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji. Hewa hutoka ziwani, hupita juu ya mji, hupanda miteremko ya Mirwa na kutengeneza mawingu mlimani, huku anga la juu ya ziwa likibaki wazi. Usiku mambo hugeuka: hewa baridi huteremka kutoka milimani kwenda ziwani, na mawingu huweza kujengeka juu ya maji. Jambo hilihili hutokea kwa ukubwa zaidi katika Ziwa Viktoria, linalojulikana kwa dhoruba zake za usiku. Anga letu lina saa zake kama soko lilivyo na saa zake.

Katika alasiri kadhaa za mwezi Machi nililinganisha anga la dirishani na anga la programu moja inayotumiwa sana, ikiwa imeunganishwa na intaneti na kuwekwa kwenye hali ya hewa ya saa hiyo. Kwa hesabu ya jumla programu haikuwa mbali. Iliposema nusu ya anga ina mawingu, mara nyingi ilikuwa hivyo. Tatizo lilikuwa mahali. Dirishani mawingu yalisimama safu juu ya Mirwa na ziwa likawa tupu. Kwenye kompyuta mawingu yalitawanywa sawasawa, kama maharage yaliyoanikwa mkekani, mengi juu ya maji kama yalivyokuwa mengi juu ya mlima. Kila wingu peke yake lilikuwa zuri, lakini halikuwa na sababu ya kuwa pale lilipokuwa.

Ripoti za viwanja zingeweza kusaidia, lakini METAR hueleza kiwanja na jirani zake tu. Kutoka kiwanja cha Melchior Ndadaye hadi Kavumu, karibu na Bukavu, ni takriban kilomita 125 kwa mstari wa moja kwa moja. Hadi Kigali ni takriban 175, na hadi Kigoma karibu vilevile. Mtu anayeruka juu ya Ujerumani au Uingereza hupita kiwanja baada ya kiwanja, na kila kimoja kinairekebisha programu. Anayeruka kutoka Bujumbura kwenda Kigoma hupita juu ya ziwa refu ambapo programu inajaza pengo kwa kukisia. Kwa hiyo programu ileile, kwa bei ileile, humpa mchezaji wa Ulaya anga lililopimwa na humpa mchezaji wa huku anga lililokisiwa, na yote mawili huitwa kwa jina moja.

Dhoruba isiyo na matokeo

Mtu anaweza kusema kwamba wingu kukaa upande usio wake ni kosa dogo. Ningekubali kama anga letu lingekuwa pole. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliotumia kumbukumbu za setilaiti ya TRMM, ulilitaja eneo la Kabare, Kivu Kusini, kuwa la pili duniani kwa wingi wa radi, baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela. Kabare ni jirani yetu. Majirani wetu wa karibu angani ni mawingu yenye radi nyingi kuliko karibu yote ya dunia.

Mawingu hayo si ya kutazamwa tu. Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa iliteremka kaskazini mwa Bujumbura. Maji yalitoka vilimani kwa kasi yakabomoa nyumba katika mitaa kama Kamenge, Kinama na Gatunguru, na watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka katika Ziwa Viktoria ikikaribia kutua Bukoba wakati hali ya hewa ilikuwa mbaya; kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki. Kueleza chanzo chote cha ajali ni kazi ya wachunguzi, wala simuleta haina hatia yoyote hapo. Ninachosema ni kwamba kiwanja kilichopo kando ya ziwa, chini ya mlima, katika msimu wa mvua, ni mahali ambapo rubani analazimika kulisoma wingu vizuri.

Dhoruba ya kweli hujitangaza. Kabla ya tone la kwanza, upepo hubadili mwelekeo, vumbi hunyanyuka, na hewa yenye ubaridi hupita mitaani. Hiyo ni hewa iliyoporomoka kutoka ndani ya wingu ikagonga ardhi na kusambaa. Kwa ndege inayotua, upepo huo unaweza kuja kwa mbele, kisha ghafla ukaja kwa nyuma, na ndege ikapoteza nguvu ya kuelea ikiwa karibu na ardhi. Katika programu niliyoilinganisha, nilichagua dhoruba kutoka orodha na kuikaribia njia ya kutua ya Bujumbura. Radi zilipiga, mvua iligonga kioo, ndege ilitikisika. Lakini mtikisiko ulikuwa mmoja kote, ndani ya wingu na nje yake, na upepo wa ardhini haukubadilika hata wingu lilipopita juu ya kiwanja. Nilitua bila shida. Dhoruba ilikuwa na kelele, haikuwa na tabia.

Kijana wa Bujumbura anayetamani urubani hana mahali pengi pa kuanzia. Shirika la Air Burundi liliacha kuruka mwaka 2009. Simuleta za mafunzo zilizoidhinishwa ziko Addis Ababa au Nairobi. Kwa wengi, programu ya nyumbani ndiyo darasa la kwanza, hata kama saa zake hazihesabiwi popote. Akijifunza humo kwamba dhoruba ni taa na kelele tu, atakuwa amefundishwa kutoiogopa sehemu inayoua.

Majina ya mawingu

Kama mwanafunzi wa Kiswahili, siwezi kuipita orodha yenyewe. Microsoft Flight Simulator ya 2020 humpa mchezaji hali tisa zilizotayarishwa: anga safi, mawingu machache, mawingu ya hapa na pale, mavundevunde, mawingu ya juu, anga lililofunga, mvua, theluji na dhoruba. Tafsiri ni yangu. Mengi ya majina haya yanafuata ripoti za viwanja, ambazo hupima sehemu ngapi kati ya nane za anga zimefunikwa: moja hadi mbili ni machache, tatu hadi nne ni ya hapa na pale, tano hadi saba ni mavundevunde, nane ni anga lililofunga.

Huo ni msamiati wa kiasi. Unajibu swali la mawingu ni mengi kiasi gani. Msamiati wetu mara nyingi hujibu swali jingine: wingu hili litafanya nini? Ghubari si wingu kubwa tu, ni wingu zito lililobeba mvua. Manyunyu na rasharasha hutofautiana na mvua ya kumwaga kwa jinsi zinavyoanguka. Kusi ni upepo wenye mwelekeo na msimu wake. Maneno haya yamebeba sababu na matokeo ndani yake, kwa kuwa waliyoyaunda walikuwa wavuvi, mabaharia na wakulima.

Orodha ya simuleta inaonyesha pia nani aliyefikiriwa ilipoandikwa. Theluji ipo, na mtu akiamua anaweza kuifunika Bujumbura nzima kwa theluji hadi ufukweni. Lakini hakuna hali iliyotayarishwa ya kiangazi chetu, mwezi Julai na Agosti, wakati moshi wa mioto ya nyika na vumbi hufanya milima ya Kongo ipotee kabisa, ingawa hakuna hata wingu moja. Mchezaji anayetaka ukungu huo mkavu itambidi autengeneze mwenyewe kwa kuvuta vitufe. Akichagua "anga safi", atapewa milima inayong'aa ng'ambo ya ziwa, jambo ambalo mkazi wa hapa analijua kuwa ni la siku chache baada ya mvua.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba huu ni mchezo. Ni kweli. Lakini riwaya nayo ni ya kubuni, na hatuachi kuihakiki kwa kigezo inachojiwekea. Simuleta inajitangaza kwa uhalisia, hivyo ni haki kuipima kwa uhalisia.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kompyuta ya nyumbani haiwezi kukokotoa kila mkondo wa hewa juu ya Tanganyika. Nalo ni kweli, lakini haihitajiki. Condor, simuleta ya ndege zisizo na injini iliyotengenezwa Slovenia, haina mawingu ya kupendeza kama ya Asobo. Hata hivyo, ndani yake wingu la mchana ni alama ya hewa inayopanda, na mteremko unaokabili upepo humwinua mchezaji. Asiyejua kulisoma anga hutua mapema. Waliibuni hivyo kwa sababu ndege isiyo na injini haiwezi kuishi bila sababu za hewa. Kanuni chache zingetosha hata kwetu: mchana weka mawingu mlimani, usiku yalete ziwani; kila mvua kubwa iandamane na upepo unaosambaa kutoka chini yake. Mwandishi wa riwaya hufanya hivyohivyo. Hajengi Unguja yote, hujenga sababu chache zinazotosha kuibeba hadithi.

Pingamizi la tatu nimelisikia kwa wenzangu: kwa nini tulalamikie mawingu ya kompyuta wakati umeme unakatika na vifurushi vya intaneti vinaisha haraka? Nalijibu kwa kusema kwamba mambo haya yameungana. Intaneti ikikatika, mchezaji hubaki na zile hali tisa na zile anazojitengenezea mwenyewe. Na vituo vichache vinavyofanya anga la simuleta yetu likisiwe ndivyo hivyohivyo vinavyofanya utabiri wa mvua ya kesho uwe mgumu. Simuleta inatuonyesha, kwa rangi nzuri, jinsi anga letu linavyopimwa kidogo.

Hitimisho

Simuleta za sasa zimeshinda katika sura ya wingu. Katika sababu zake zimeshinda kidogo, na kidogo zaidi katika maeneo ya maziwa na milima yenye vituo vichache kama yetu. Wahakiki wa programu hizi, wengi wao wakiandika kwa Kiingereza na Kifaransa, huendelea kuuliza kama wingu limefanana na wingu. Sisi tunaosoma lugha yenye ghubari na mavundevunde tunaweza kuwasaidia kwa maswali matatu ya kuiuliza simuleta yoyote mpya: wingu hili limetoka wapi, kwa nini liko hapa na si pale, na likinipita litaniachia nini? Programu itakayoyajibu maswali hayo juu ya Bujumbura, saa tisa alasiri ya mwezi Machi, hata ikiwa na mawingu yenye sura ya kawaida, nitaihesabu kuwa na uhalisia kuliko zote nilizoziona.